Fundi na Manamba: Historia Fupi ya Kazi Zinazohitajika



Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mfanyakazi, lakini leo nakuomba uyatazame mawili: fundi na manamba. Fundi hutambulika kwa ujuzi wake. Husemwa fundi mwashi, fundi seremala, fundi magari. Na neno lenyewe lina undugu na vitenzi kufunda na kufundisha, maana fundi ni mtu aliyefundwa kazi na anayeweza kumfunda mwingine. Manamba alikuwa kibarua wa mkataba aliyepelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika wakati wa ukoloni. Jina hilo limetokana na namba, kwa sababu shambani alijulikana kwa namba aliyopewa. Ukiyaelewa maneno haya mawili, umeelewa sehemu kubwa ya historia ya kazi katika mji wetu wa Bujumbura.

Huenda umesikia kwamba nchi tajiri huandaa orodha ya kazi zenye upungufu wa watu, na kwamba mgeni mwenye ujuzi ulioorodheshwa hupata kibali kwa urahisi zaidi. Ni kweli. Nchini Ubelgiji, majimbo yote matatu, yaani Flandria, Walonia na Brussels, yana orodha zao. Kanada nayo ilianza mwaka 2023 kuwaalika wahamiaji kwa makundi, yakiwamo ya watu wa afya, mafundi stadi, na wale wanaokijua vizuri Kifaransa. Wengi hudhani jambo hili ni jipya. Hapa kwetu lilianza zaidi ya karne moja iliyopita, ingawa wakati huo orodha haikubandikwa ukutani.

Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, jina la zamani la Bujumbura, mwishoni mwa karne ya 19, hawakuhitaji askari peke yao. Walihitaji karani wa kuandika, mkalimani wa kufasiri, mwashi wa kujenga, seremala wa kutengeneza milango. Watu wa kazi hizo walipatikana pwani na katika miji ya biashara kama Ujiji, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya shughuli. Hivyo wakaja Waswahili na Wamanyema, wakaweka makao kando ya ziwa. Mwaka 1916 Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani, na mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Usumbura ikiwa makao makuu, makarani na mafundi kutoka Kongo walizidi kuingia. Wengi wa wageni hao na watoto wao waliishi Buyenzi, mtaa ambao mpaka leo unajulikana kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake wa magari.

Lakini wakati mlango mmoja ukiwaingiza mafundi, mlango mwingine ulikuwa ukiwatoa vibarua. Warundi kwa maelfu walivuka mpaka kwenda Buganda kwenye mashamba ya pamba na kahawa, na Tanganyika kwenye mkonge. Kodi ilidai fedha, kazi za shokoa zilidai mgongo, na kiboko kilidai utii. Kuondoka kukawa nafuu. Huko Tanganyika, wenye mashamba ya mkonge waliunda mwaka 1944 shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU. Hakuna aliyemuuliza kibarua anajua nini. Aliulizwa ana nguvu kiasi gani.

Je, Warundi hawakuwa na ujuzi? Walikuwa nao. Walikuwapo wahunzi, wafinyanzi, wasusi wa vikapu na wafugaji hodari. Kilichokosekana ni shule. Shule kubwa ya Astrida, iliyoanzishwa mwaka 1929 nchini Rwanda, ndiyo iliyowaandaa wasaidizi wa utawala, wa tiba na wa kilimo kwa nchi zote mbili. Nafasi zake zilikuwa chache, na nyingi zilikwenda kwa wana wa watawala wa kimila. Chuo kikuu hapa Bujumbura kilipatikana katika miaka ya 1960 tu. Kwa hiyo, karani au fundi alipoagizwa kutoka Kongo, sababu haikuwa kwamba Mrundi hawezi, bali kwamba hakufundishwa. Orodha ya kazi zinazohitajika hutaja upungufu. Haitaji aliyeusababisha.

Hata hivyo, historia ya Buyenzi ina upande wa pili unaostahili kukumbukwa. Ujuzi wa wageni haukuzikwa pamoja nao. Kijana aliingia karakana bila cheti, akapokeza spana, akatazama, akakosolewa, akajaribu, na baada ya miaka kadhaa akawa fundi mwenye wanafunzi wake. Ushahidi umo katika lugha: Kirundi kilipokea neno umufundi, wingi wake abafundi. Neno linapohama lugha, mara nyingi huhama pamoja na kazi yake. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mwenyeji wa Buyenzi alipona kwa sababu mgeni alimfundisha.

Tuje kwenye zama zetu. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kifungu chake cha 10 kinahusu uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka. Usidhani kwamba uhuru huo hauna masharti. Katika kiambatisho, kila nchi ilitaja makundi ya kazi ambayo ingeyafungua kwa raia wa nchi nyingine za Jumuiya, na tarehe ya kuyafungua. Ndiyo orodha yetu wenyewe. Ili cheti cha nchi moja kitambuliwe katika nyingine, kulihitajika pia makubaliano ya kila taaluma: ya wahasibu na wasanifu majengo yalisainiwa mwaka 2011, ya wahandisi mwaka 2012.

Milango miwili ya zamani bado ipo. Daktari au muuguzi wa Kirundi aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima anaweza kuitwa na orodha ya nchi tajiri, na orodha hiyo haisemi nani alilipia masomo yake. Dada asiye na cheti naye huitwa kwa mlango mwingine: mwaka 2021 Burundi ilisaini makubaliano na Saudi Arabia kuhusu wafanyakazi wa nyumbani. Siwalaumu wanaoondoka, mwenye njaa haambiwi asubiri. Nasema tu kwamba raia anapaswa kujua anapita mlango upi, na je, upande wa pili ataitwa kwa ujuzi wake au kwa namba.

Basi, ukiona orodha ya kazi zinazohitajika, iwe ya Brussels, ya Ottawa au ya Arusha, iulize maswali mawili. Kwanza, kwa nini wenyeji hawakufundishwa kazi hii? Pili, mgeni akija, au mwenzetu akirudi, nani atafundishwa naye? Nchi inayoagiza fundi bila kumpa mwanafunzi itaagiza tena kesho. Nchi inayomwacha fundi wake aondoke bila mrithi itaagiza hata kile ilichokuwa nacho.

Kwa zoezi la wiki hii, mtafute fundi mmoja mtaani kwako, umsalimie kwa heshima, kisha umwulize alifundwa na nani, na mwalimu wake alifundwa wapi. Andika majibu yake kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja. Sitashangaa ukijikuta umefika Ujiji, Uvira au Bukavu kabla ukurasa haujajaa.