Baridi nayo ipewe heshima yake
Wasee, sifa zote huenda kwa Orville na Wilbur Wright. Sawa, lakini Desemba 17, 1903 pale Kitty Hawk, ufuoni, vidimbwi vilikuwa vimeganda barafu. Hewa baridi ni nzito: mabawa yanapata cha kuegemea, propela inashika, injini inavuta oksijeni zaidi. Na injini yao ilikuwa ya nguvu ya farasi 12 tu, yaani kama bodaboda! Upepo mkali ukasaidia pia. Safari ya nne ilifika sekunde 59.

1904 wakahamia Ohio: juu zaidi, joto, upepo kidogo. Walikuwa na injini yenye nguvu zaidi, lakini wapi! Ndege ilisumbua kuinuka hadi Septemba, walipojenga mnara wa kuangusha vyuma vizito ili kamba iivute kwa kasi.