Askari Wasiolipwa: Mchezo wa Kompyuta na Wakatalani wa 1311

Mount & Blade: Warband ni mchezo wa kompyuta uliotolewa mwaka 2010 na kampuni ya TaleWorlds ya Uturuki. Mchezaji huanza na watu wachache, huandikisha wanakijiji, huwafunza, na kila wiki huwalipa. Wenzangu wengi hupenda vita vyenyewe. Mimi hupenda siku ya malipo. Mpanda farasi hulipwa zaidi ya askari wa miguu, mamluki hudai zaidi ya mwanakijiji aliyefunzwa, na anayelinda ngome hupokea nusu tu. Kwa hiyo wakati wa amani ni busara kuwafungia mashujaa ngomeni na kutembea na wachache. Hazina ikikauka, ari hushuka na askari huanza kutoroka.

Nadhani hapo ndipo mchezo unapoikaribia zaidi Ulaya ya zama za kati. Lakini kuna jambo zito umeliacha, nami nitalieleza kwa kisa cha Kampuni ya Wakatalani.

Vita vya Sicily vilipomalizika mwaka 1302, maelfu ya wapiganaji walikosa kazi. Mwaka uliofuata Roger de Flor aliwapeleka Constantinople kumtumikia Kaizari Andronikos II dhidi ya Waturuki. Kaizari huyu ndiye aliyevunja jeshi lake la majini mwaka 1285 ili kubana matumizi (mchezaji wa Warband angempongeza), kisha akabaki kutegemea meli za Genoa. Wakatalani walishinda Anatolia, ila ujira wao ulizidi uwezo wa hazina. Kaizari akapunguza dhahabu katika sarafu, nao wakanung'unika. Roger aliuawa Adrianople mwaka 1305, na watu wake wakaiteketeza Thrace.

Mwaka 1310 wakaajiriwa na Walter wa Brienne, mtawala wa Athens, kwa miezi sita. Walimtekia ngome zaidi ya 30. Yeye alikuwa amewalipa miezi miwili tu. Kazi ilipokwisha alichagua 500 walio bora, akawapa ardhi, na waliobaki akawaamuru waondoke bila haki yao. Kwa hesabu ya mchezo, hakukosea popote: nguvu imebaki, gharama imeshuka.

Tarehe 15 Machi 1311 waliofukuzwa walimngoja nyuma ya kinamasi. Farasi wa Walter walizama matopeni, naye akauawa pamoja na wengi wa makabaila wake.

Katika Warband, asiyelipwa huondoka tu. Ni kweli ramani ina magenge ya watoro, na huweza kukuvamia njiani, lakini hayateki ngome yako wala hayaketi kwenye kiti chako. Mchezo unamhesabu askari kama gharama. Haumhesabu kama mdai. Mdai mwenye upanga ni kitu kingine kabisa, na nisingeshangaa kama watawala wengi wa zama zile waliwaogopa zaidi askari wao kuliko adui.

Tena kuna wale 500. Walikuwa wamelipwa na ardhi walikuwa nayo. Kabla ya vita walimwendea Walter wakaomba ruhusa ya kurudi kwa wenzao, naye akawaambia waende wakafe nao. Wakaenda. Athens ikawa mikononi mwa Wakatalani hadi 1388.