Mndani Mchambuzi Mwenye Moyo Usiotulia

Kwenye maduka ya leso ya Biashara Street, Mombasa, mwanamke hachagui nguo kwa rangi peke yake. Atatazama pindo, ataukagua mji, kisha atamwambia kijana wa kaunta: "Nisomee jina, mwanangu." Jina ndiyo yale maneno yaliyopigwa chapa kwenye nguo, na likiwa halimfai, doti hurudi rafuni hata iwe nzuri vipi. Watu waliolelewa katika desturi hiyo wanajua kwamba jina ni sehemu ya mali. Basi nashangaa jinsi vijana wa mji huohuo wanavyoyapokea majina ya tabia zao kutoka kwenye majaribio ya simu, wakayabandika kwenye wasifu wao, bila kuomba wasomewe.

Jina ninalotaka kulisoma hapa huandikwa INTJ-T, pamoja na nduguye wa karibu, INTP-T. Herufi ya kwanza ni ya mtu ambaye nguvu zake humrudia akiwa peke yake. N ni yule anayevutwa na maana na uwezekano kuliko vitu vilivyo mbele ya macho. T ya katikati humtaja anayepima jambo kwa hoja kabla ya hisia. J hupenda shughuli ipangwe na imalizike, P huiacha wazi. Baada ya kistari huja T nyingine isiyohusiana kabisa na ile ya kwanza, nayo ndiyo inayowasumbua watu. Inasema kwamba mtu huyu ana wasiwasi, hujikosoa, na hata akifanya vizuri haridhiki. Kinyume chake ni A, mtu mwenye utulivu na kujiamini.

Herufi hizi hazikuzaliwa nyumba moja. Carl Gustav Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alichapisha kitabu chake juu ya aina za watu mwaka 1921, na humo ndimo mgawanyo wa watu wa ndani na watu wa nje ulimopata umaarufu. Miaka minne baadaye, Novemba 1925, Jung mwenyewe alishuka melini Mombasa na wenzake, akakaa siku mbili, kisha akapanda gari-moshi la Nairobi akielekea Mlima Elgon. Katika kumbukumbu zake ameutaja mji huu: joto lake la unyevu, minazi na miembe, na ngome ya Wareno iliyosimama juu yake. Kule Elgon alizungumza na wenyeji huku akitegemea kamusi ndogo ya Kiswahili, akiwauliza habari za ndoto zao. Mganga mzee akamjibu kwamba tangu Wazungu waje ndoto hazihitajiki tena, kwa kuwa DC, mkuu wa wilaya wa Kiingereza, anajua kila kitu. Kila nikilikumbuka jibu hilo huona uzito wake: mtu akishaamini kwamba mwingine ana elimu ya mambo yake ya ndani, huacha kujisikiliza. Simu nayo inaweza kuwa DC.

Kwa Jung, mtu wa ndani si mgonjwa wala si mwoga. Ni mtu ambaye macho ya nafsi yake yameelekea ndani, basi. Na mwaka 1934, katika dibaji ya toleo la Argentina la kitabu hichohicho, alilalamika kwamba kuwagawa watu kwenye visanduku kwa kutumia aina zake ni mchezo wa kitoto wa sebuleni. Hata hivyo visanduku vilikuja. Mama na binti wa Kimarekani, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers, walitengeneza dodoso kutokana na mawazo yake wakati wa Vita Kuu ya Pili, nalo likachapishwa rasmi mwaka 1962 likiwa na herufi nne. Humo hamna herufi ya wasiwasi.

Wasiwasi ulitoka ukoo mwingine. Hans Eysenck, Mjerumani aliyekimbilia Uingereza, alieleza mwaka 1947 kwamba tabia za watu zinaweza kupimwa kwa mizani mbili kubwa: moja ya undani na unje, ya pili ya wepesi wa moyo kutikisika. Mizani hiyo ya pili ikaingia baadaye katika vipimo vitano vinavyotumiwa na wanasaikolojia wengi hadi leo. Miaka ya 2010 jaribio la mtandaoni la 16Personalities likaitwaa, likaipachika nyuma ya herufi nne za Myers, na ndipo ikapatikana ile T ya mwisho.

Nimelieleza hili kirefu kwa sababu moja. Watu wengi husoma INTJ-T kana kwamba wasiwasi ni matunda ya akili ya uchambuzi, au bei anayolipa mtu mwenye fikra nyingi. Sivyo. Ni mizani mbili zilizokutana kwa mtu mmoja, na kila moja ingeweza kuwa na kipimo kingine. Tena ni mizani za kweli, zenye madaraja. Watu wengi wako katikati, wachache wako mwishoni mwa kila upande, lakini herufi huwakata katikati kama kisu, kiasi kwamba wawili wanaokaribiana sana hupewa herufi tofauti. Na kwa walio wengi wepesi huo wa kutikisika hupungua kidogo wanavyoingia utu uzima. Herufi haisemi hivyo, kwa kuwa haina umri.

Sasa tuje kwenye Kiswahili chake. Neno la Kiingereza linalosimamiwa na T hiyo ya mwisho, turbulent, ukilifuata kamusini, litakupa msukosuko, ghasia, machafuko. Nenda mtaa wa Kibokoni ukamwambie mama mmoja kwamba mwanawe ni mtu wa ghasia. Atadhani amepigana. Mwanawe ni yule kijana ambaye hajainua sauti tangu azaliwe, anayekaa nyuma ya kaunta akikumbuka kila doti iliyoingia na kila iliyotoka, na ghasia zote ziko kifuani. Tafsiri ya namna hii inampa mtu sifa iliyo kinyume cha alivyo.

Herufi ya kwanza nayo ina taabu zake. Wengine huiita upweke, lakini mpweke ni mtu aliyekosa wenziwe, na huyu hakukosa, ametosheka. Wengine husema mnyamavu, ingawa wako watu wa ndani wanaozungumza saa nzima ukiwagusia jambo wanalolipenda. Mimi napendelea mndani, japo sauti yake inakaribiana na mwandani, yaani rafiki wa moyoni. Si mbaya, kwa sababu mndani akishakukubali huwa mwandani kwelikweli. Kwa herufi za katikati, neno mchambuzi halina mzozo: kuchambua ni kazi ya mikono iliyojulikana tangu zamani katika pamba na karafuu, kutenga kinachofaa na takataka, na ndiyo kazi ambayo akili yake haiachi kuifanya.

Pwani ina neno lake kwa mtu wa aina hii, na si neno zuri. Mji wa baraza humtaka kila apitaye asimame, aulizie nyumbani, aulizie wazee, atie neno katika mazungumzo. Anayepita kwa salamu moja fupi huambiwa, "Yule yuwajiona." Hukumu hiyo humuumiza mndani yeyote. Mwenye moyo usiotulia humuumiza mara mbili, kwa sababu akifika nyumbani huanza kujiuliza kama kweli anajiona, huku aliyemsema ameshasahau.

Hapo ndipo nilipoona kwamba lugha yetu ina jambo ambalo jaribio halina. Mombasa ndiko ulikofanyika mkutano wa mwaka 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu hapo istilahi nyingi zimekuwa kazi ya kamati. Neno ninalolitaka mimi halikutoka kamatini. Ni kusuta.

Kusuta ni utaratibu ulio hai pwani. Mtu akisemwa vibaya hukusanya mashahidi, huenda mpaka mlangoni kwa msemaji, humuuliza mbele ya watu: ulisema, hukusema? Leso huingia humo pia, maana yako majina yanayonunuliwa kwa kazi hiyohiyo. Kusuta kunauma na kunatahayarisha, lakini kuna sharti: lazima pawe na neno lililosemwa na pawe na waliolisikia. Na kuna mwisho, kwani aliyesutwa hukiri au hukana, watu hurudi makwao. Ndiyo maana tunasema nafsi yake inamsuta. Aliyeyatoa maneno hayo alijua kwamba dhamiri nayo huja na mashahidi.

Wasiwasi ni kitu kingine. Tumelipokea neno hili kutoka Kiarabu, na kwa Waislamu wa pwani lina mfano unaojulikana kila msikiti: mtu anayerudia udhu, anaosha mkono ambao ameshauosha, kwa kuwa hana hakika. Mafakihi walimjibu zamani kwa kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Ukijua umetawadha, shaka iliyokuja baadaye haina mamlaka juu yako. Wasiwasi hauna shahidi hata mmoja. Kwa hiyo hauna pa kuishia.

Mtazame fundi wa cherehani kwenye veranda ya duka, mmoja wa wale wanaokata na kupinda leso. Doti huja ikiwa kitambaa kimoja chenye leso mbili, na mkasi ukishapita haurudi. Tuseme amekata, upande mmoja umetoka mfupi kwa upana wa kidole. Mteja hakuona, amelipa, amekwenda. Usiku fundi anakumbuka na nafsi inamsuta, kesho yake anabadilisha namna yake ya kukunja kabla ya kukata. Pana nguo, pana kosa, pana badiliko. Sasa tuseme fundi mwingine amekata sawasawa. Amepima, amepinda, mteja ameisifu. Bado moyo unamwambia huenda, huenda, na ile inayofuata anaifumua pindo ambalo halina kasoro. Dodoso litawapa fundi huyu na yule wa kwanza herufi moja, kwa sababu wote wawili watajibu kwamba hufikiria makosa yao usiku. Mimi siwezi kuwaita kwa jina moja. Wa kwanza kazi yake inazidi kuwa nzuri. Wa pili anaharibu macho yake na nguo za watu.

Wanasaikolojia wameifikia tofauti hii kwa njia yao. Mwaka 1978 Mmarekani Don Hamachek aliandika kwamba wapenda ukamilifu ni wa namna mbili: anayefurahia kazi ngumu na kujua inapotosha, na ambaye hakuna kazi inayomtosha kamwe. Karne nyingi kabla yake mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyeishi kati ya mwaka 850 na 934, aliandika juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akautenga wasiwasi peke yake kama maradhi yenye sura yake, mbali na huzuni na mbali na hofu. Miongoni mwa mashauri yake ni kwamba mwenye wasiwasi asikae faraghani kwa muda mrefu. Shauri hilo ni zito kwa mndani, kwa kuwa faragha ndiyo dawa ya uchovu wake na ndiyo malisho ya wasiwasi wake. Sidhani kwamba jibu ni kumsukuma kwenye baraza la watu kumi. Mtu mmoja anayemwamini, ambaye anaweza kumuuliza "shahidi yuko wapi?" na kusubiri jibu, humtosha. Na wasiwasi ukishamnyima usingizi na kumzuia kufanya kazi, hiyo si herufi ya tabia tena, ni shauri la daktari.

Basi T ya mwisho tuiiteje? Nilivutwa na maneno mawili ambayo madrasa zetu zimeyafundisha kwa karne nyingi: nafsi lawama, inayotajwa mwanzoni mwa sura ya al-Qiyama, na nafsi mutmainna, iliyotulia, ya mwishoni mwa al-Fajr. Yanaoana na T na A kwa namna ya kushangaza, na uzuri wake ni kwamba nafsi lawama haikutajwa kama ugonjwa. Lakini hizo ni daraja za mtu mbele ya Mola wake, na sioni haki ya kuzishusha ziwe alama za jaribio la simu. Nikajaribu asiyetulia, nikaliacha, kwa sababu mtaani kijana "asiyetulia" ni mhuni. Nimeishia kwenye moyo usiotulia. INTJ-T ni mndani mchambuzi mwenye moyo usiotulia, na chini ya jina hilo ziandikwe hali mbili, kujisuta na wasiwasi, ili msomaji ajue yuko wapi.

Iliyobaki ni kazi ya maswali yenyewe, maana jibu la dodoso haliwezi kuwa bora kuliko swali. Ukimuuliza mtu wa Biashara Street kama "huwa na wasiwasi mara kwa mara," atasema ndiyo, kwa sababu ya kodi ya duka, na atakuwa amesema kweli ya biashara bila kugusa tabia yake. Muulize hivi: ukishafunga hesabu na ikatimia, huirudia? Ukiirudia, unatafuta kosa unalolijua au unatafuta utulivu? Na ukishalikuta kosa ukalirekebisha, usiku huo hulala?