Togwa, Mkeka, na Nguo Iliyopotea

Katika Matendo ya Mitume sura ya tisa twasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo mama yule alizishona alipokuwa hai pamoja nao. Hawakumwonyesha nyumba yake wala mali yake, bali kazi ya mikono yake.

Nimelifikiri jambo hilo mara nyingi, kwani mimi hufundisha watoto historia, na vitabu vya historia vimejaa masultani, magavana na vita. Siku moja nikajiuliza: je, mtu akija nyumbani kwetu na kutaka kuona kazi ya mikono ya bibi zetu, tutamwonyesha nini? Tutamwonyesha mkeka. Tutampa togwa katika kata. Pengine tutamletea kashata kisahanini. Walakini nguo hatutamwonyesha hata moja, maana nguo zetu zote zimetoka dukani, na za mama zetu vivyo hivyo, na za bibi zetu pia. Mtoto wa shule akisikia haya hudhani kwamba wazee wetu hawakujua kufuma. Sivyo. Walijua sana. Basi nataka kuwaeleza wenzangu jinsi kazi moja ya nyumbani ilivyokufa, na nyingine zikaishi.

Na tuanze na nguo. Msafiri Ibn Battuta alifika pwani yetu mwaka 1331. Alipokuwa Mogadishu aliona nguo zilizofumwa mji ule ule, naye aliandika kwamba zilipelekwa kuuzwa hata Misri. Kule Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wameokota katika udongo vigae vidogo vya duara vilivyotobolewa katikati. Mtu asiyejua angevitupa. Kumbe ni vigae vilivyotiwa chini ya kijiti cha kusokotea pamba, ili kijiti kizunguke sawasawa na uzi utoke mwembamba. Watu walichukua chungu kilichovunjika wakakifanya chombo cha kazi nyingine.

Wala haikuwa pwani tu. Mwingereza Richard Burton alipopita Unyamwezi katika safari yake ya mwaka 1857 na 1858 aliwakuta wafumi wakifanya kazi yao. Kitanda cha mfumi wa bara kilikuwa kitu rahisi: vigingi vilichomekwa chini, nyuzi zikatandwa karibu na ardhi, na mfumi akakaa akipitisha uzi wake huku na huku. Nguo iliyotoka ilikuwa nzito, yenye kudumu miaka mingi. Ilichukua siku nyingi sana, maana pamba yenyewe ilipaswa kuchumwa, kutolewa mbegu kwa vidole, kusokotwa uzi mmoja mmoja, ndipo ifumwe. Kule Ufipa kazi hii ilidumu kuliko mahali pengi.

Ni nini basi kilichoiua? Wengine husema ni ustaarabu. Mimi nasema ni bei.

Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said, na mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, alifika Unguja. Alitoka mji wa Salem. Merikebu za Salem zilikuja kutafuta pembe za ndovu, ngozi, na sandarusi ambayo watu wa Mrima waliichimba ardhini. Zililipa kwa nguo nyeupe ya pamba iliyofumwa kwa mitambo, imara, isiyotiwa rangi. Watu wetu wakaiita merikani. Ikapendwa mno, hata ikawa fedha ya njiani: mkuu wa msafara alilipa hongo kwa doti za merikani, akanunua vyakula kwa mikono ya merikani, akawapa wapagazi posho kwa merikani. Mfumi wa Unyamwezi aliyekaa siku nyingi juu ya nguo moja angeshindanaje na mtambo ufumao majora mengi kwa siku moja?

Hapa pana jambo ambalo kila nikilifundisha darasani watoto hunyamaza. Pamba ya nguo ile ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa, watu weusi ambao babu zao walichukuliwa kutoka Afrika. Basi mpagazi wa Kiafrika alivaa viunoni jasho la ndugu zake asiowajua, naye alidhani ni kazi ya Wazungu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani, mwaka 1861 hata 1865, pamba ilikuwa haba na merikani ikaadimika. Hapo wafumi wetu wangeweza kuinuka tena. Lakini nguo za Uingereza na za viwanda vya Bombay ziliingia mahali pale pale palipoachwa wazi, zikauzwa kwa jina lile lile. Hata leo fundi cherehani akikuambia lete merikani, hana maana ya nguo iliyotoka Marekani.

Hatimaye ikawa ajabu zaidi. Wakati wa Wadachi watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya majumbe, na mwezi wa Julai mwaka 1905 watu wa Umatumbi wakaing'oa ile miche, vikaanza Vita vya Maji Maji. Pamba ilikuwapo tele, na watu walikuwa wakiilima kwa mikono yao wenyewe. Lakini haikuwa kwa ajili ya vitanda vyao vya kufumia.

Sasa na tutazame togwa, kwani habari zake ni kinyume kabisa.

Kila mama wa kwetu ajua kuitengeneza, lakini nitaeleza kwa ajili ya vijana waliokulia mjini. Uji wa unga hupikwa ukaiva vizuri, kisha huepuliwa na kuachwa upoe hata kidole kiweze kuuvumilia. Kimea cha ulezi, yaani ulezi uliolowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa, hutiwa humo na kukorogwa. Hapo huonekana jambo la kupendeza: uji uliokuwa mzito hulainika mbele ya macho yako, kana kwamba umeongezewa maji. Hufunikwa kawa na kulala usiku mmoja. Asubuhi ni tamu, yenye ukali kidogo, na wakati wa jua hakuna kinywaji kama hicho.

Bibi yangu mzaa mama alinikemea nilipotaka kutia kimea uji ukiwa bado wa moto. Alisema, “Utakiua.” Nilidhani ni maneno ya wazee tu. Baadaye nilijifunza kwamba katika mbegu ichipuayo mna nguvu ambayo wataalamu huiita kimeng'enya, nayo huugeuza wanga kuwa sukari. Moto ukizidi, nguvu ile hufa kweli. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, wameichunguza togwa, wakaeleza vijidudu vyema viletavyo ule ukali. Tena kutia kimea katika uji wa watoto, ili uwe mwepesi bila kupunguza unga, kumefundishwa na waganga wa lishe katika nchi yetu. Bibi yangu hakusoma hata darasa moja.

Lakini msidhani kwamba togwa haikubadilika. Ulezi na mtama ni nafaka za Afrika tangu kale. Mahindi siyo. Yalitoka Amerika, nayo yaliletwa baada ya Wareno kufika pwani hii mwaka 1498. Jina lake latudanganya, kama kwamba yametoka kwa Wahindi. Kwa hiyo togwa ya unga wa mahindi, ambayo sisi twaiita ya asili, ni ndogo kwa umri kuliko misikiti ya Kilwa. Mama zetu waliipokea nafaka ngeni wakaitia katika kazi ya zamani, na kazi haikuharibika.

Kashata nayo ni hivyo hivyo. Karanga zilitoka Amerika ya Kusini, minazi na miwa ilitoka upande wa mashariki kwa njia ya bahari. Na sukari ina uchungu wake: katika bonde la mto Pangani, miaka ya 1870 na 1880, mashamba makubwa ya miwa yalilimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, ambaye twamsifu kwa kuwapinga Wadachi mwaka 1888, alikuwa mwenye shamba la miwa yeye mwenyewe. Siandiki haya ili mtu aache kula kashata. Mimi mwenyewe sitaacha.

Kwa nini togwa haikufa kama nguo? Nimepata jibu moja tu. Togwa haingoji. Siku ya kwanza ni uji, siku ya pili ni togwa, siku ya tatu hata ya nne yaanza kuwa kitu kingine. Mfanya biashara wa Salem hakuweza kuipakia katika merikebu yake, wala mwenye duka wa Bombay hakuweza kuifunga robota. Kitu kisichoweza kusafiri hubaki mikononi mwa mwenye kukitengeneza.

Lakini siku ile ya tatu ilitutia mashakani sisi Wakristo. Wote mwajua kwamba makanisa hayakukubaliana juu ya pombe. Mengine yalikataza kabisa, mengine yaliruhusu kwa kiasi. Na kimea kile kile cha togwa ndicho cha pombe. Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alipika togwa kwa ajili ya watu waliomsaidia kuvuna. Mvua ikanyesha siku mbili, watu hawakuja. Siku ya tatu akaja mzee mmoja wa kanisa kumjulia hali, akafunua chungu, akanusa. Bibi akaitwa mbele ya wazee, akasimamishwa katika chama cha akina mama muda wa miezi mitatu. Alijibu neno moja tu: “Baba, chungu hakijui kuhesabu siku.”

Mimi siwezi kusema kwamba mzee yule alikosa kabisa. Amekwisha kuona nyumba nyingi zilizovunjwa na pombe, na kweli pombe nyingi huanza kwa jina la togwa. Lakini najua pia yaliyofuata nyumbani kwetu. Bibi aliacha kupika togwa karibu mwaka mzima. Mama akipata fedha tulikunywa chai ya sukari. Asipopata, tulikunywa maji. Hakuna aliyekuja kuuliza juu ya hayo. Hata bibi alipoanza tena, alitumia chungu kidogo kiishacho kwa siku moja, na kilichobaki jioni alikimwaga migombani. Mzee yule alikuja siku nyingine akakaribishwa kata moja, akainywa yote, akaomba ya pili. Bibi akamtilia, wala hakusema neno.

Nimebakiza mkeka, nao sitausemea sana, maana kila mtu ameulalia. Ukindu huchumwa bure, huchanwa, huanikwa, na mwingine hutiwa rangi: zamani nyeusi ilitoka katika mizizi ya mdaa, siku hizi rangi zote zauzwa sokoni katika vifuko. Ukili husukwa huku mwanamke akizungumza, akiamua ugomvi wa watoto, akingoja chungu kichemke. Ndiyo sababu mkeka uliishi siku nyingi kuliko nguo. Kitanda cha mfumi kilimfunga mtu mahali pamoja, lakini ukili humfuata mwenyewe huko aendako, hata kwenye matanga. Muda wake hauhesabiwi, na kitu kisichohesabiwa muda ni vigumu kushindwa kwa bei. Nasema ni vigumu, sisemi haiwezekani. Mikeka ya plastiki yenye maua imejaa madukani, mepesi, rahisi kuosha, na katika nyumba nyingi za kijiji chetu ndiyo hutandikiwa mgeni, wa ukindu ukawekwa nyuma ya mlango.

Bibi alipofariki tulikuta chini ya kitanda chake ukili uliozungushwa kama gurudumu, mweupe na mweusi, miaa ya mwisho ikining'inia bila kufungwa. Tuliupima, ukawa pima kumi na nne, karibu nusu ya mkeka wa kulalia mtu mzima. Mama alijaribu kuuendeleza akashindwa kuufuata ule mchoro. Dada zangu hawakujua hata kuanza. Tukampelekea mama mmoja jirani, Mwislamu, aliyesuka pamoja na bibi tangu ujana wao. Aliutazama kitambo, akasema mchoro ule ni wa bibi mwenyewe, naye hataugusa. Bali ataufunga mwisho wake na kuushona jinsi ulivyo. Ukatoka mkeka mdogo, na mtoto wangu wa pili huulalia mchana.