Homa Ikishaondoka

Wanaoandika historia ya maradhi aghalabu huanza kwa kuhesabu waliokufa. Tauni iliua wangapi, ndui iliua wangapi, mafua ya mwaka 1918 yaliua wangapi. Ugonjwa usioua watu wengi hupewa aya moja, na wale waliobaki hai bila kurudi kuwa kama walivyokuwa hawapati hata hiyo aya. Nimekuwa nikiwafikiria hao kwa muda mrefu, na ugonjwa ulionifundisha zaidi habari zao ni chikungunya, ambao jina lake limezaliwa kusini mwa Tanzania.

Mwaka 1952 na 1953 homa ngeni iliwashukia wakazi wa Uwanda wa Makonde, huko Newala na sehemu za jirani, katika Jimbo la Kusini la Tanganyika. Mtu aliamka mzima, na kabla jua halijatua homa kali ilikuwa imempanda na viungo vimekaza: vifundo vya miguu, magoti, viwiko, vidole. Kugeuka kitandani kulikuwa kazi. Ukavu wa uwanda wenyewe ulisaidia ugonjwa kuenea, kwa kuwa maji yalikuwa ya shida na watu waliyaweka akiba majumbani. Humo ndimo mbu wa aina ya Aedes aegypti walimozaliana, hatua chache kutoka walipolala watu. Daktari Marion Robinson aliandika habari za dalili zake, na W.H.R. Lumsden akaandika jinsi ugonjwa ulivyotembea. Maandishi yao yalichapishwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata R.W. Ross alichapisha habari za virusi vyenyewe.

Wataalamu hao hawakubuni jina. Walilikuta. Wenyeji walikwisha kuuita chikungunya, kutokana na kitenzi cha Kimakonde kungunyala, yaani kukauka na kujikunja. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vimeandika kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Sivyo, na haki ya mwenye mali apewe mwenyewe. Tena tazama, msomaji, wenyeji walishika nini katika kuuita ugonjwa. Homa, kichwa kuuma na vipele vimo katika maradhi mengi. Wao walishika umbo la mtu aliyejikunja, na hilo ndilo linaloonekana hata homa ikishaondoka.

Wala si Wamakonde peke yao. Mwaka 1959 ulizuka kaskazini mwa Uganda ugonjwa wa virusi vilivyo ndugu wa hivi, ukaenea katika nchi jirani na kuwapata watu wapatao milioni 2. Waacholi waliuita o'nyong'nyong, jina linalosema habari za viungo kulegea. Mataifa mawili yasiyosikilizana lugha, kila moja likatazama wagonjwa wake, na yote mawili yakataja viungo.

Ushuhuda wa namna hii umewahi hata kusahihisha historia. Mwaka 1870 homa ya ghafula iliingia Unguja, na daktari James Christie, aliyekuwa akiishi huko, akaiandika. Watu wa Unguja waliiita kidinga pepo, na wazee waliikumbuka, kwani ilikwisha kupita kisiwani yapata mwaka 1823. Madaktari wa baadaye waliihesabu kuwa homa ya dengue. Wako wanaosema kwamba hata neno dengue limetokana na kidinga, na mpaka leo homa hiyo kwa Kiswahili huitwa kidingapopo. Lakini mwaka 1971 Donald Carey aliyasoma upya maandishi ya kale akatoa hoja kwamba ugonjwa wa Unguja ulifanana zaidi na chikungunya. Sehemu ya ushahidi wake ilikuwa yale maumivu ya viungo yaliyowaandama watu baada ya homa kwisha. Dengue huumiza sana, lakini si desturi yake kumshika mtu viungo kwa miezi. Kwa hiyo jambo ambalo daktari mwenye haraka angelipuuza, yaani malalamiko ya mtu aliyekwisha kuambiwa amepona, ndilo lililosaidia kuutambua ugonjwa baada ya miaka mia moja.

Pamoja na hayo, chikungunya uliendelea kuhesabiwa kuwa homa ya kupita. Mwaka 2004 ukazuka Lamu. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba watu watatu katika kila wanne wa kisiwa hicho waliambukizwa. Ukaingia Mombasa, ukavuka bahari hadi Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, ambako watu wapatao 266,000 waliugua, takriban theluthi moja ya wakazi wote. Réunion ilikuwa na hospitali na watafiti wa kutosha, nao waliwafuatilia wagonjwa. Ikaonekana kwamba wengi walikuwa bado wanaumwa viungo miaka miwili baada ya homa. Mzee wa Newala angeulizwa, labda angaliweza kuwapunguzia safari.

Hapa nitaje la nyumbani. Ugonjwa ulipozuka tena Mombasa, mwishoni mwa mwaka 2017 na kuingia 2018, ulimpata dada yangu mkubwa, ambaye alikuwa akiuza mahamri. Homa ilimwacha kabla ya wiki kwisha. Vidole havikumwacha. Asubuhi alivikunjua kimoja kimoja katika maji ya moto kabla ya kugusa unga, na ngazi alizishuka kinyumenyume huku ameshika ukuta. Katika kliniki moja walimpima wakamwambia damu ni safi, arudi kazini. Damu ilikuwa safi kweli, maana virusi hivi hukaa katika damu siku chache tu, kisha kinachouma ni uvimbe uliobaki katika viungo. Majirani nao walianza kusema amezembea. Aliniambia, "Ndugu yangu, kwa daktari nimepona, lakini vidole hivi havijaambiwa." Ilichukua mwaka na zaidi kabla hajaweza kukanda unga wa siku nzima.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mgonjwa wa homa huletewa uji na kutazamwa, kwa sababu homa yaonekana. Mgonjwa wa baada ya homa hana cheti wala pole, na kila siku anatakiwa athibitishe kwamba hasemi uongo. Mwaka 2020 jambo hili lilienea dunia nzima. Watu waliougua UVIKO-19 wakaona miezi inapita, pumzi haitoshi na uchovu hauondoki, huku wakiambiwa ni wasiwasi tu. Safari hiyo pia waliolipa jina tatizo hilo ni wagonjwa wenyewe. Madaktari walilipokea baadaye.

Dawa ya kuua virusi vya chikungunya bado haijapatikana. Mgonjwa hupumzishwa, hutulizwa maumivu, na anayebaki na viungo vilivyokaza husaidiwa kwa mazoezi na dawa za kupunguza uvimbe. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2023. Hayo ni ya wataalamu.

La kwetu sisi tusio wataalamu ni dogo zaidi, nalo halina gharama. Mtu akisema homa imekwisha lakini mwili haujarudi, tumsadiki na tumpunguzie mzigo. Na anayeandika historia ya homa yoyote iliyopita katika nchi yetu, akishahesabu makaburi, aulize na habari za msimu uliofuata: ni mashamba ya nani yaliyobaki bila kulimwa, na ni nani aliyekuwa ameketi mlangoni akiyatazama.