Reli Isiyofika Shela

Anayetafuta mabaki ya reli Shela, kisiwani Lamu, ataona vilima vya mchanga, msikiti wa Ijumaa uliojengwa 1829 na kuta za mawe ya matumbawe. Chuma hakuna. Hata hivyo nashikilia kwamba reli ndiyo iliyoufanya mji huu kuwa ulivyo, kwa kupita kwingine. Mwaka 1896 Waingereza walianza kutandika njia kutoka Mombasa, na mwishoni mwa 1901 ikafika Kisumu, zaidi ya kilomita 900. Tangu hapo mali ya bara, pembe na ngozi, na baadaye pamba na kahawa, ikawa na mlango mmoja mkubwa. Na mlango huo ukaangukia hasimu wa zamani: mnamo 1812 hivi watu wa Lamu waliwashinda Wamazrui, watawala wa Mombasa, na wenzao wa Pate papa hapa ufuoni Shela, kisha wakaomba himaya ya Seyyid Said wa Oman. Walichokikosa Wamazrui kwa majahazi ya vita, Mombasa ilikuja kukipata kwa mataruma.

Watakuwapo wa kusema maradhi ya Lamu yalianza kabla ya reli. Kweli, mashamba ya bara mkabala na Lamu yalilimwa na watumwa. Marufuku za 1873 na 1876 zikabana njia za kuwaleta, na 1907 utumwa ukafutwa kisheria. Lakini Mombasa na Malindi nazo zililima hivyo hivyo. Mombasa ikanyanyuka kwa sababu ilipata gati, maghala na ujira wa makuli. Malindi, iliyokosa reli, ikadorora pamoja na Lamu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba Lamu iliishi kwa bahari, na majahazi yake yaliendelea kupeleka boriti za mikoko Ghuba. Yaliendelea, ila vijana na mitaji vilihamia kusini, na majumba ya Shela yakabaki magofu. Umaskini huo (sisemi ulikuwa heri) ndio uliohifadhi vichochoro vya upana wa punda, vile vile ambamo wageni wa Ulaya walikuja kununua majumba kwa bei kubwa baada ya hoteli ya Peponi kufunguliwa 1967.

Machi 2012 mradi wa uchukuzi wa LAPSSET ulizinduliwa Lamu kwa ahadi ya bandari na reli hadi Sudan Kusini na Ethiopia. Gati ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, reli bado. Swali la kuuliza mapema ni makuli wa bandari hiyo watalala wapi na ujira wao utatumika soko gani, kwa kuwa Mombasa ilijengwa na hayo kuliko na garimoshi lenyewe.