Damu ya Bibi

Mwishoni mwa miaka ya 1970, aliyepita mbele ya mkahawa wa Las Violetas jijini Buenos Aires angeweza kuona kina mama watu wazima wameizunguka meza, wanakunywa chai kana kwamba mmoja wao anasherehekea siku ya kuzaliwa. Hapakuwa na sherehe yoyote. Walikuwa mabibi wanaotafuta wajukuu, na pale mezani walikuwa wakipeana habari: mtoto fulani ameonekana kwa jirani ambaye hakuwahi kuonekana na mimba, mwingine kaandikishwa shule na cheti chenye mashaka. Hata kwenye simu walisema kwa mafumbo.

Jeshi la Argentina lilitwaa madaraka tarehe 24 Machi 1976. Maelfu ya watu walikamatwa majumbani, kazini na barabarani, na hawakuonekana tena. Walipotezwa. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wajawazito. Hao waliachwa hai mpaka wajifungue, wengine katika chuo cha jeshi la majini kilichoitwa ESMA, wengine katika kambi ya Campo de Mayo. Baada ya kujifungua, mama aliuawa. Mtoto alipewa familia ya mwanajeshi, polisi au rafiki wa utawala, akaandikiwa cheti cha kuzaliwa cha uongo. Mabibi wanakadiria kwamba watoto wapatao 500 waliibwa hivyo, baadhi wakiwa wamechukuliwa pamoja na wazazi wao, tayari wanatambaa au wanatembea.

Oktoba 1977 mabibi kumi na wawili waliungana, na baada ya muda ulimwengu ukawajua kama Mabibi wa Plaza de Mayo. Walizunguka mahakamani, kwenye vituo vya watoto yatima, kwa maaskofu. Ila swali moja liliwakosesha usingizi: hata wakimwona mtoto, watathibitishaje? Vipimo vya damu vya wakati ule vilimlinganisha mtoto na baba au mama, na hapa baba na mama wote wawili hawakuwepo. Mwaka 1979 mmoja wao, María Isabel Chorobik de Mariani, ambaye wote walimwita Chicha, alisoma gazetini habari ya kesi iliyoamuliwa kwa kipimo cha damu. Akajiuliza: je, damu ya bibi haiwezi kufanya kazi hiyo?

Swali hilo walilibeba kutoka nchi hadi nchi. Mwaka 1982, huko New York, walikutana na Víctor Penchaszadeh, daktari Mwargentina aliyekuwa uhamishoni, naye akawaunganisha na wataalamu wengine. Mary-Claire King wa chuo kikuu cha Berkeley alishiriki kutengeneza hesabu iliyowezesha kumlinganisha mtoto na mabibi na mababu zake, pamoja na wajomba na mashangazi, pasipo wazazi. Baadaye alitumia vinasaba ambavyo mtu hurithi kwa mama yake peke yake, na mama huyo kwa mama yake. Bibi mmoja mzaa mama akawa anatosha.

Kesi ya kwanza kushinda kwa njia hiyo ilikuwa ya msichana aliyetekwa pamoja na wazazi wake mjini Montevideo mwaka 1978, hajafikisha miaka miwili. Afisa wa polisi alimwandikisha kama mwanawe aliyezaliwa karibuni tu, hivyo msichana akaishi na umri pungufu kuliko wake. Desemba 1984 mahakama ilimrudisha kwa bibi yake. Inasimuliwa kwamba alipoingia nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye chumba alichokuwa akilala, akaulizia mwanasesere wake.

Wakati huo utawala wa kiraia ulikuwa umerudi, na dola iliyoiba watoto ikaanza kujenga chombo cha kuwatafuta. Sheria ya mwaka 1987 iliunda Benki ya Taifa ya Takwimu za Vinasaba, ikaagiza sampuli za familia zihifadhiwe angalau mpaka 2050. Wabunge walipiga hesabu nzuri: mabibi watakufa, damu yao isubiri. Mwaka 1992 ikaundwa tume ya serikali, CONADI, ambayo mtu mzima mwenye shaka juu ya asili yake huiendea mwenyewe. Hapo cheti chake huchunguzwa. Nani alisaini? Daktari wa jeshi? Eti alizaliwa nyumbani? Yakizidi mashaka, anapelekwa kutolewa damu.

Sheria za msamaha za mwaka 1986 na 1987 ziliwakinga wanajeshi wengi, lakini wizi wa watoto haukusamehewa. Kupitia mwanya huo Jorge Videla, aliyeongoza mapinduzi, alihukumiwa miaka 50 jela Julai 2012 kwa mpango wa kuiba watoto. Miaka miwili baadaye Estela de Carlotto, mwenyekiti wa Mabibi, alimkumbatia mjukuu wake, mwanamuziki wa miaka 36 aliyekwenda kupimwa kwa hiari. Alikuwa mjukuu wa 114 kupatikana. Julai 2025 alitangazwa wa 140, ingawa Agosti 2024 serikali ilikuwa imekivunja kitengo cha uchunguzi cha CONADI.

Chicha alikuwa akimtafuta mjukuu wake Clara Anahí, aliyechukuliwa mjini La Plata mwezi Novemba 1976 akiwa na miezi mitatu. Alifariki Agosti 2018, na miaka 94, hajampata. Damu yake imehifadhiwa katika benki.